Mjadala: Je, sensa na fomu za umma zituulize kabila na dini?

Mtoa hoja (Area C, Dodoma)

Nianze na fomu. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu hospitali hapa mjini akiwa na homa, na karani wa mapokezi akanipa karatasi ya kumwandikisha: jina, umri, mtaa, kabila, dini. Sehemu ya kabila nikaiacha wazi. Karani huyo, dada mpole ambaye sina shaka hata kidogo na nia yake, aliitazama karatasi, akanisikiliza ninavyotamka maneno, akatabasamu na kuandika mwenyewe "Muha". Hakukosea sana, maana Kiswahili changu kina lafudhi ya Kigoma. Lakini nilikaa kwenye benchi viganja vikinitoka jasho, na binti alipokwisha kupimwa malaria ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa bado ninasubiri kitu kibaya kitokee.

Ninaleta hoja hii kwa sababu wiki hii ubishi wa zamani umezuka tena kazini kwetu Mtumba, baina ya watu wanaoheshimiana. Tangu sensa ya mwaka 1967, sensa zetu hazijawauliza wananchi dini wala kabila. Kabla ya sensa ya tarehe 26 Agosti 2012 baadhi ya jumuiya za Kiislamu zilidai kipengele cha dini kirudishwe, na wapo waliowahimiza waumini wakatae kuhesabiwa, lakini Serikali haikukubali. Mwaka 2022 tulihesabiwa watu 61,741,120 bila swali hilo. Wenzangu wanaotaka liulizwe mara ijayo si wachochezi, na sitaki wasomaji wawaone hivyo. Hata hivyo msimamo wangu ni kwamba kabila na dini visiandikwe mahali popote palipoandikwa jina la mtu, na sababu zangu nilizipata mbele ya mdomo wa bunduki, kwa hiyo mnivumilie nisimulie kwanza.

Nilizaliwa Bujumbura mwaka 1984, katika mtaa wa Buyenzi, ambako watu huzungumza Kiswahili na wengi wao ni Waislamu. Mama yangu ni Mmanyema wa Ujiji. Baba yangu alikuwa Mrundi, fundi cherehani. Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuiongoza Burundi, miezi michache baada ya uchaguzi wa Juni. Milimani, kama vinavyoitwa vijiji vya Burundi, Watutsi wakauawa na majirani zao, jeshi nalo likawaua Wahutu, na mji wetu ukagawanyika mtaa kwa mtaa: Kamenge na Kinama zikabaki za Wahutu, Ngagara, Nyakabiga na Musaga zikabaki za Watutsi. Bwiza na Buyenzi tuliendelea kuishi kwa kuchanganyika. Huko, kusema "mimi ni Mswahili" kulimaanisha kwamba wewe ni mtu wa mjini, na sisi watoto tulidhani jina hilo linatutoa kabisa katika ugomvi wa wakubwa.

Mwaka 1994, katika mojawapo ya siku walizoziita za "mji mfu", ambapo vijana walifunga barabara kwa mawe na matairi na kuulazimisha mji mzima ubaki ndani, nilitumwa dawa ya bibi nyumba ya nne kutoka kwetu. Nilikuwa na miaka kumi. Kijana aliyenisimamisha nilimfahamu: alikuwa golikipa hodari, na wiki chache kabla ya hapo alikuwa amenirudishia mpira uliovuka ukuta. Sasa alikuwa miongoni mwa waliojiita Sans Échec, kundi la vijana wenye silaha, na mkononi alishika bastola ambayo mpini wake ulifungwa kwa mpira wa baiskeli. Akaniuliza ubwoko wangu, neno ambalo kwa Kirundi ndilo linalobeba maana ya kabila. Nikajibu kwamba mimi ni Mswahili. Akacheka, akaniwekea ile bastola juu kidogo ya sikio na kusema kwamba Mswahili si ubwoko, kisha akauliza baba yangu ni nani. Mama mmoja muuza ndagala, yaani dagaa, ambaye hata leo sijui jina lake, akatoka mlangoni na kujibu kwa niaba yangu. Alijibu kwa neno moja tu, na bastola ikashuka.

Mara ya pili ilikuwa Machi 1995, Bwiza na Buyenzi zilipovamiwa. Askari waliingia kwetu usiku. Mmoja alinielekezea bunduki mimi na dada yangu tuliokuwa mkekani, mwingine akamulika kitambulisho cha baba kwa tochi. Kitambulisho kile hakikuwa na kabila. Kilikuwa na mahali pa kuzaliwa. Askari akalisoma jina la mlima aliotoka baba, akalirudia kwa sauti kama anayeonja chumvi, akamgeukia mwenzake. Baba alichukuliwa, akarudi baada ya siku mbili, na mpaka anafariki hakutusimulia alikokuwa. Mama alitupakia kwenye boti tukashuka Kagunga, upande wa Tanzania, siku chache kabla ya tarehe 31 Machi, siku ambayo Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi.

Nchini Rwanda, vitambulisho vyenye kabila vilianza chini ya Wabelgiji katika miaka ya 1930, kwa hesabu za utawala tu, na mwaka 1994 vikatosha kumhukumu mtu kwenye kizuizi cha barabarani bila kumuuliza lolote. Lebanon nayo iliandika dhehebu kwenye kitambulisho. Vita vilipoanza mwaka 1975 watu walishushwa kwenye magari na kuuawa kwa kilichoandikwa pale. Waliobuni karatasi hizo hawakuwa wakifikiria bunduki. Naomba nipingwe kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza (mwalimu, Kondoa)

Ndugu mtoa hoja, pole kwa uliyopitia, na ninakushukuru kwa kutukataza kuwaona wanaodai kipengele hicho kuwa ni wachochezi, kwa sababu mimi ni mmoja wao.

Nimekusoma mara mbili, na ninaona kwamba ushahidi wako unakupinga mwenyewe. Kijana mwenye bastola hakuwa na karatasi. Kitambulisho cha baba yako hakikuwa na kabila, na bado askari alipata alichokitafuta katika jina la mlima. Mwenye bunduki hahitaji sensa. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na Mandera nchini Kenya, wanamgambo wa al-Shabaab walisimamisha basi na kuwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo; walioulizwa walikataa, wakawafunika wenzao kwa mitandio yao, na mwalimu mwenzangu Salah Farah alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Kilichowaokoa abiria wale ni kukataa kwa Waislamu kujitenga. Kama swali lingekuwa halijaandikwa popote duniani, wauaji wale wangeliuliza vilevile.

Sasa tazama upande wa pili, ambao hukuugusa. Ireland ya Kaskazini walipigana kwa miaka thelathini, na Januari 1976 pale Kingsmill wafanyakazi waliokuwa wakirudi nyumbani walishushwa kwenye basi dogo, wakaulizwa ni nani Mkatoliki, na Waprotestanti kumi wakauawa. Lakini nchi ile haikujibu kwa kufuta swali. Sheria ya mwaka 1989 iliwalazimisha waajiri kuhesabu wafanyakazi wao kwa jamii zao, kwa sababu malalamiko makubwa ya Wakatoliki yalikuwa ni kunyimwa kazi, na malalamiko ya namna hiyo huwezi kuyathibitisha wala kuyakanusha bila hesabu. Hadi leo sensa yao inauliza. Ile ya mwaka 2021 ilionyesha asilimia 45.7 kuwa wana asili ya Kikatoliki na asilimia 43.5 ya Kiprotestanti, na hakuna aliyetoka na bunduki kwa sababu ya takwimu hizo. Burundi yako yenyewe, baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, iliandika makabila ndani ya Katiba ya mwaka 2005: asilimia 60 ya wabunge Wahutu, 40 Watutsi, nafasi tatu za Watwa, na jeshi lisizidi nusu kutoka upande mmoja. Waliogombana waliona kwamba kunyamaza ndiko kulikowaponza.

Kwetu hakuna hesabu rasmi, kwa hiyo kila upande hujitangazia asilimia yake. Nimekaa katika vikao ambamo mtu mzima, mcha Mungu, anasema kwamba watu wa dini fulani ndio waliojaa vyuoni na maofisini, na mwingine anambishia kwa namba alizozisikia kwa shemeji yake. Uvumi ndio umekuwa mtakwimu wetu. Oktoba 2012 makanisa yalichomwa Mbagala kwa sababu iliyoanzia kwa ubishi wa watoto wawili kuhusu Kurani. Chuki ile haikuzaliwa siku ile, ilikuwa imelelewa na mashaka ambayo hakuna aliyekuwa na namba za kuyaondoa.

Mchangiaji wa pili (mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Mimi sikuona bunduki utotoni, namshukuru Mungu, na huenda ndiyo maana swali la kabila halinitishi. Hapa chuoni siku ya kwanza tu unaulizwa kwenu ni wapi, na ukitaja unapata mtani wa kukutania mpaka unamaliza masomo. Ila ningependa kumuuliza kaka mtoa hoja jambo moja, kama halimuumizi: yule mama muuza ndagala alijibu neno gani?

Mchangiaji wa tatu (mstaafu wa kazi za takwimu, mtaa wa Kikuyu, Dodoma)

Wanangu, nimefanya kazi katika sensa zaidi ya moja, na ninaona mnabishana kuhusu mambo mawili kana kwamba ni moja.

Sheria ya Takwimu inakataza taarifa za mtu binafsi kutolewa. Kinachochapishwa ni jumla. Hilo mwalimu analitegemea bila kulitaja. Lakini sheria hukaa juu ya meza tu, na dodoso hujazwa mlangoni na karani ambaye mara nyingi ni kijana wa kijiji hicho hicho, huku mwenyekiti wa kitongoji amesimama pembeni anasikia. Nimeona watu wakishusha sauti kutaja mapato yao, na mapato si dini. Kwa hiyo hofu ya mtoa hoja inaanzia pale mlangoni, kabla namba haijafika ofisini. Zaidi ya hayo, anayetaka kujua uwiano wa dini katika nchi halazimiki kumuuliza kila mtu. Sampuli iliyochaguliwa vizuri, isiyobeba jina la mtu, inatosha kumjibu mwalimu wa Kondoa.

Jambo la pili linanishangaza kwa kuwa hakuna aliyelitaja. Tunagombania sensa inayokuja mara moja kwa miaka kumi, ilhali mtu akifikishwa mahakamani leo hii, hati ya mashtaka mara nyingi inaanza na jina lake, kabila lake, umri, dini, kazi na makazi. Swali hilo tunaulizwa kila siku na chombo chenye pingu, na tumelizoea.

Mtoa hoja

Shikamoo mzee wangu wa Kikuyu. Ulichokisema kuhusu sampuli isiyo na jina ninakikubali, nami sikuwahi kukipinga, ingawa naona sikujieleza vizuri. Hati ya mashtaka ndiyo hasa iliyokuwa akilini mwangu nilipoandika "mahali popote palipoandikwa jina", na ningependa wanasheria waliomo humu watueleze mstari wa kabila unamsaidia nini hakimu katika kesi ya wizi wa mbuzi.

Mwalimu, hoja yako ya kwanza ni nzito na nimeifikiria tangu jana. Ni kweli mwenye bunduki atauliza hata pasipo karatasi. Lakini zingatia kilichotokea Mandera: waliulizwa, na kwa kuwa waliulizwa walipata nafasi ya kukataa. Hata mimi, kwa sababu golikipa yule ilimbidi aulize, mama wa ndagala alipata nafasi ya kujibu atakavyo. Tarehe 30 Aprili 1997 wanafunzi wa seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, waliamriwa na waasi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, na arobaini wakauawa pamoja. Walikufa, najua, na sitaki kuwatumia kama pambo la hoja. Ninachosema ni kwamba kijana mwenye kadi ya Rwanda mfukoni hakupewa hata nafasi ile ya kukataa au kudanganya. Kadi ilikwisha kumjibia. Askari aliyesoma jina la mlima wa baba yangu hakutuuliza kitu, na hakuna jirani aliyepata pa kuingilia.

Kuhusu Katiba ya Burundi ya mwaka 2005, ninakubali kwamba ilifanya kazi iliyohitajika pale. Ila ile ni dawa ya mgonjwa aliyekwisha kuugua, na viwango vyake vilihusu wabunge, mawaziri na maafisa, si mtoto mwenye homa katika foleni ya maabara. Uvumi wa asilimia unaousema nami naupinga, na sampuli ya mzee itaumaliza vizuri kuliko dodoso la mlangoni.

Dada wa chuoni, swali lako halikuniumiza, lakini sitalijibu. Umeona kwamba katika maandishi yote haya nimetaja Wahutu na Watutsi na sikusema baba alikuwa yupi, wala neno la yule mama lilikuwa kweli au uongo. Kwa yule karani wa hospitali nilirudi juzi kuchukua majibu ya binti. Nikamwomba anionyeshe fomu, naye akanionyesha bila tatizo. Nikamwomba kwa heshima akate neno lile kwa mstari. Alisita, akasema mkuu wake atauliza kwa nini. Nikamwambia amwambie mzazi ameomba. Alikata, kisha akasaini pembeni.