Mama kaanza mionzi Ocean Road: mliopitia, tupeane uzoefu

Habari za jioni wadau. Niko Nkuhungu, Dodoma. Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi, anapigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, na amefikia kwa mdogo wake Mbagala. Jumatatu hadi Ijumaa mashine, wikiendi anapumzika. Mwanzoni alikuwa anacheka kwenye simu, siku hizi ni "nimechoka mwanangu" halafu kimya. Ya madaktari tunayafuata. Kwenu nataka yale ya nyumbani: mlikula nini, mlivaa nini, mlilalaje. Wa Kondoa, Mpwapwa, Singida, wote karibuni.

Mama wa Kongwa: Pole sana dada. Nilipigwa hiyohiyo ya nyonga. Jiandaeni na tumbo, maana mionzi ya pale inagusa na utumbo. Niliacha maharage, maziwa na mboga za majani kwa muda, nikabaki na wali, ndizi mbivu na uji mwepesi, na ORS kila nikitoka chooni. Mgogo kukaa bila mlenda, acheni tu! Mkojo nao unachoma, lakini asijinyime maji eti kwa kuogopa daladala. Akiona damu au kuharisha kumezidi, aseme palepale kwa nesi, dawa zipo.

Na hili watu hawalisemi: baada ya mionzi uke unakauka na kubana. Kuna kifaa cha kupanulia, anaelekezwa namna ya kukitumia. Mama zetu wanajibu "mimi mzee, cha nini?" Cha nini ni kwamba asipokitumia, hata daktari akitaka kumpima baadaye ni maumivu matupu.

Mleta mada: Asante mama. Hilo la mwisho mimi siwezi kumtamkia mama yangu. Nitampitishia mama mdogo, wao wawili wanaambiana kila kitu.

Kijana wa Manyoni: Kwetu alikuwa mzee, saratani ya koo. Alikuwa anavalishwa kinyago kinachobana kichwa kisisogee, mwanzoni kilimtisha kuliko ugonjwa wenyewe. Kisha vidonda vya mdomoni, mate yakakauka, chakula hakina ladha. Tulimsukutuisha maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo mara nyingi kwa siku. Pilipili, ndimu na vya moto vikapigwa marufuku. Sasa huku ndiko mlenda ulikotuokoa: ugali laini, tonge dogo, linateleza lenyewe. Akikataa kula, hatukugombana naye, tulirudi baada ya saa moja na kikombe cha uji wa uwele wenye karanga za kusaga. Tulipimisha uzito kila wiki, ukishuka tunasema.

Binti Kondoa: Titi hapa. Ngozi ilikuwa nyeusi tii, chini ya titi ikachubuka. Sidiria niliweka kando, nikavaa dera la pamba. Maji ya kawaida, sabuni isiyo na manukato, kujipapasa na kanga bila kusugua, na usifute zile alama za wino! Mafuta yoyote uliza kwanza. Jua la Dodoma mnalijua, niliporudi nilitembea na mtandio begani hadi majirani wakanizoea.

Mleta mada: Swali jingine. Shangazi anasema mama akirudi asimbebe mjukuu, eti mionzi itamwingia mtoto. Kweli?

Nesi mstaafu: Si kweli. Mionzi ya mashine haibaki mwilini, ikizimwa imekwisha. Ile ya ndani wanayoingiza kwa shingo ya kizazi nayo chanzo chake kinatolewa kabla hajatoka chumbani. Ambebe mjukuu mpaka achoke. Ila mjue, madhara huweza kuzidi wiki moja au mbili baada ya dozi ya mwisho. Watu wanadhani ugonjwa umerudi, wanakimbilia mitishamba. Uchovu unaweza kukaa miezi. Na kama anachanganyiwa na dripu za kemo, yaani dawa za saratani, homa ikipanda ni hospitali usiku huohuo, msisubiri kupambazuke. Asikatishe siku za mashine kwa sababu ya madhara bila daktari kujua.

Msukuma Singida: Atarudije Dodoma na tumbo hilo? Basi?

Mama wa Kongwa: Treni ya SGR, mwanangu. Vyoo vimo ndani, hubembelezi dereva asimame. Mkatieni siti ya karibu na mlango wa choo, na nguo ya kubadili ikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi kubwa.

Mleta mada: Sawa mama. Mama mdogo naye kashajibu: "Niachie mimi hilo, wewe tuma nauli."