Naomba ushauri: tunapokea mwanafunzi kutoka Polandi

Wakuu, habari zenu. Tunaishi karibu na Girona, Katalonia, huku Hispania. Shule ya binti yangu (miaka 14) inabadilishana wanafunzi na shule moja ya Polandi. Mgeni wetu anafika wiki ya Aprili 23, Sant Jordi, siku watu wanapopeana waridi na vitabu. Hapo sina wasiwasi, mtaani atajionea mwenyewe.

Shida ni saa za kula. Huku wanatoka shule saa nane na nusu mchana ndipo wale, na cha usiku ni saa tatu. Wapolandi mlo mkubwa ni alasiri, jioni wanakula kidogo na mapema. Nimbadilishie ratiba au azoee?

La pili, binti naye ataenda kwao kueleza mila za huku. Kachagua Tió de Nadal, lile gogo watoto wanalolilisha kuanzia Desemba 8, halafu mkesha wa Krismasi wanalichapa fimbo huku wakiliimbia linye peremende. Ndiyo, linye! Mimi mtu wa Tanga nikaona haya, nikamwambia aeleze ile minara ya watu kupandiana mabegani. Kagoma kabisa. Nimwache?

Halafu zawadi ya mama mwenyeji. Najua Polandi maua hutolewa kwa idadi ya witiri, ya shufwa ni ya msibani. Mliokaa Kraków au Warsaw, niongeze nini? Nina kahawa ya Kagera na kitenge kimoja kipya.