Gitaa sio bampa la gari! Fundi kanizibia shimo kwa puti na GAZETI

Wakuu salaam. Nina hasira, mnivumilie, na wasimamizi msinihamishie uzi huu kule kwenye vichekesho.

Nina gitaa la umeme la mtumba, lile lisilo na plastiki kifuani, pikapu, yaani zile sumaku za kunasa mlio wa nyuzi, zinakaa moja kwa moja kwenye mbao. Aliyekuwa nalo kabla yangu alichimba shimo la tatu katikati ya pikapu ya shingoni na ya kwenye briji, pale nyuzi zinapoegemea chini. Pikapu yake kaing'oa kaondoka nayo, kaniachia shimo la sentimita 9 kwa 4, kina milimita 18 hivi. Nikataka lizibwe, bodi ipigwe rangi nyeusi, basi.

Nikalipeleka karakana moja hapa Dar, jina silitaji. Fundi nilimweleza vizuri kabisa: chonga kipande cha mbao laini kiingie kwa kubana, nyuzi zake za mti zifuate zile za mbao ya bodi, tia gundi, kaza klampu, kiache. Mninga usiniwekee, mgumu kuliko bodi, na msaji una mafuta, gundi inasumbua. Akaitikia, "Usijali bosi, kazi ndogo hiyo." Laki na themanini. Kwa hiyo wale mtakaokuja kusema nilitaka cha bure, pole zenu.

Baada ya wiki tatu nikalichukua, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikawatumia picha hadi nyumbani!

Mwezi haujaisha, asubuhi moja nimelilaza kitandani karibu na dirisha, mwanga unapiga kwa ubavu, naona pembe nne. Mstatili mzima umejichora chini ya rangi kama kaburi. Napitisha ukucha, unakwama. Nagonga kwa kidole: pembeni linalia "ko", katikati "pu". Na pikapu ya shingoni nayo ikaanza kukoroma.

Nampigia fundi. "Kaka, hiyo hali ya hewa tu."

Nikachukua bisibisi nikachokonoa. Juu puti ya magari, unene milimita 5. Chini yake gazeti, wakuu. La michezo, limefinyangwa, nimesoma mpaka habari za usajili.

Puti kwenye mlango wa gari sina ugomvi nayo, kule inashika bati. Mbao inavimba na kusinyaa kwa upana kila unyevu unapobadilika, na unyevu wa Dar mnaujua, puti haifuati. Hata angelijaza shimo lote, ukiimwaga nene kwa mkupuo mmoja inachemka kwa ile hadina ya kuigandisha, inasinyaa, mstari unajitokeza. Hata kipande cha mbao ukikiwahi na msasa kabla maji ya gundi hayajakauka vizuri, kingo zinakuja kuzama baadaye. Ndiyo maana nilimwambia achukue muda wake! Puti ilikuwa ya kuziba ule mwanya wa pembeni tu, mwembamba kama uzi.

Na gazeti ningelisamehe. Pikapu hakuzitoa kabisa, alizibandika tepu akapuliza rangi. Waya wa ile ya shingoni unapita ndani ya shimo hilohilo kwenda kwenye kitufe cha volyumu. Kaufunika na gazeti, kamwaga puti juu, waya umeganda humo kama nzi kwenye ugali. Nikitaka kuitoa pikapu lazima niukate. Alitakiwa kwanza atoboe njia ya waya kwa biti ndefu ya drili kutoka shimo la shingoni mpaka la briji, au achimbe mfereji chini ya kile kipande. Dakika kumi!

Jioni hii naenda pale na gitaa mkono mmoja, gazeti lake mkono wa pili. Nataka hela yangu yote. Kazi nitaifanya mwenyewe. Mwenye biti ndefu ya milimita 6 ya kuazima, aje inboksi. Picha naweka nikirudi.