Fonti nene ya logo ya pinati bata: Anton, Bebas Neue, Alfa Slab ama Cooper Black?

omera_rangi (Kisumu)
Wadau habari zenu. Niko na mteja hapa, mama anasaga njugu na kupaki pinati bata kwa kopo za plastiki, saa hii anauza soko la Kibuye na kwa maduka ya mtaa, sasa anataka jina lionekane maana lebo yake ya kwanza iliandikwa na ile fonti ya kadi za harusi na hakuna mtu anaweza kuisoma akisimama upande ule mwingine wa kaunta. Jina ni la Kijaluo, refu kiasi, na lina ng' katikati. Litakaa kwa lebo, stika ya tuktuk, bango la flexi na muhuri. Nimebaki na Anton, Bebas Neue, Alfa Slab One, halafu mwenyewe amependa Cooper Black juu aliiona kwa Word. Mngeenda na gani? Na msiniambie tu "inategemea" mkapotea.

plota_nax (Nakuru)
Anton. Mimi kazi yangu ni kukata stika kwa hivyo naangalia kama mtu wa kisu, herufi nene inakatika safi na ukiambua mabaki haichaniki, ile ya mwandiko wa harusi ndiyo hutupotezea mchana mzima. Alfa Slab nayo miguu yake ni minene haisumbui kukata, shida yake ni upana. Jina refu ukiliweka kwa lebo ya kopo linamaliza nafasi yote kabla halijakuwa kubwa, unalipunguza, unalipunguza tena, mwisho linabaki fupi. Anton na Bebas zimebanwa, upana uleule zinakupa herufi zimesimama juu zaidi. Lakini usizibane tena wewe mwenyewe kwa kuvuta kona ya boksi, tafadhali, nguzo za herufi zinabaki nyembamba na vipande vya kulala vinabaki vinene na kila mtu anaona kuna kitu hakiko sawa hata kama hajui ni nini.

dada_wa_lebo (Kakamega)
Kwa upana nakubaliana na plota, ila Bebas toa kabisa. Ile ya bure haina herufi ndogo, ukibonyeza ndogo inakupa kubwa. Jina lote likiwa kubwa juu na chini panalingana, linakuwa tofali. Ukiandika kawaida kuna vichwa vinapanda na mikia inashuka, mtu analitambua kwa umbo kabla hajasoma. Jock Kinneir na Margaret Calvert walipochora alama za barabara za Uingereza waliandika majina ya miji kwa kubwa mwanzo halafu ndogo, hawakutaka kubwa tupu, na hao walikuwa wanafikiria dereva yuko mbio. Mtu anayepita dukani anatafuta unga pia hasimami kukusomea.

Na Bebas tangu itoke 2010 imekuwa kila mahali bana, jimu, kanisa, mechi, picha za YouTube. Hiyo kopo itafanana na tangazo la krusedi.

omera_rangi
😂😂 sawa. Na hiyo ng', mbona nikiandika kwa Anton naona kama kuna shimo?

dada_wa_lebo
Kwa sababu kile kialama kinakaa juu peke yake na chini yake hakuna kitu, fonti ikiwa imebanwa hivyo shimo linaonekana zaidi. Na wengi waliochora hizi fonti walikuwa wanapimia majina ya Kizungu, hawakuwa wanawaza g imefuatwa na kialama halafu o. Sogeza kwa mkono, vuta hiyo herufi inayofuata iingie kidogo chini ya kialama. Pia weka kile kilichopinda, usiache kile kimesimama wima kama cha kuandika futi. Usikitoe eti jina likae safi, mama ataulizwa na kila Mjaluo jina lake ni gani.

mzee_wa_brashi (Bungoma)
Vijana mnamwonea mama bure. Cooper Black ilichorwa na Oswald Cooper kule Chicago ikatoka 1922, na miaka hiyo yote watu wanaiweka kwa chakula na maduka kwa sababu. Kona zake ni za mviringo. Wino ukienea kidogo kwa karatasi ya bei ya chini hakuna anayejua, lakini kona kali kama za Anton zikivimba unaona. Anton ni ya kichwa cha gazeti, inatangaza habari mbaya. Ni ukoo mmoja na Impact ya Geoffrey Lee ya 1965, ambayo siku hizi inaandika utani tu juu ya picha za paka. Pinati bata ni kitu laini.

plota_nax
Mzee heshima zako, lakini kuna muhuri. Matumbo ya e na a, yaani ile nafasi tupu ya ndani, kwa Cooper Black ni madogo sana, ukifanya muhuri mdogo wino unajaa ndani na e inabaki doa. Kwa bango na kopo sina neno. Omera chapisha jina kwa saizi ya ule muhuri, toa fotokopi, halafu toa fotokopi ya hiyo fotokopi. Ile bado inasomeka ndiyo hiyo.

fonti_bure (Kisumu)
Hakuna ameguza leseni. Anton, Bebas Neue na Alfa Slab One ziko Google Fonts chini ya SIL Open Font License, unaweza kuziweka kwa logo ya biashara bila kulipa mtu, kile huruhusiwi ni kuuza fonti yenyewe peke yake. Cooper Black haiko hivyo, na ukiitoa kwa zile tovuti za kupakua soma kwanza, nyingi zimeandikwa ni za matumizi binafsi tu.

Kama mama anataka ulaini, jaribu Fraunces uzito wa Black, uzito ni ule unene wa herufi. Ni ya bure, imechorwa kwa kuangalia fonti za zamani kama Cooper na Windsor, na ina kipimo cha SOFT unakisukuma kona zinazidi kulegea. Na ina uzito mwingi, kwa hivyo kwa muhuri unashuka uzito mmoja matumbo yanafunguka, kitu Anton haiwezi, hiyo iko uzito mmoja tu.

dada_wa_lebo
Hapo umeongea. Lakini hiyo nene ibaki kwa jina pekee. Viungo, uzito, tarehe ya kuisha, yale yote KEBS, wale watu wa viwango Kenya, wanataka kwa lebo, andika na kitu cha kawaida kama Open Sans. Kuna lebo nimeletewa nirekebishe, viungo vyote viko kwa Anton herufi kubwa, huwezi kujua kama ni chumvi ama ni sukari.

omera_rangi
Nimemwonyesha mama Anton na Fraunces Black kwa kopo. Anton amesema "hii inanikaripia". Fraunces ameuliza kama inaweza kuwa nene zaidi 😅 Kwa hivyo ni Fraunces, muhuri nitashuka uzito vile fonti_bure amesema, na ng' nimeivuta. Mzee umeshinda nusu. Plota, stika za tuktuk unaweza kunikatia na unitumie na gari?

plota_nax
Naweza. Tuma SVG, ile faili ya mistari, maandishi yawe yamebadilishwa kuwa maumbo ndiyo kompyuta yangu isinipachikie Arial. Na usinitumie JPG ya WhatsApp.