Naomba ushauri: nieleze vipi tofauti ya umbo kati ya Dendrosenecio mbili za Mlima Kenya?

Mchora Mimea: Ndugu wanajukwaa, ninaandaa maelezo ya mimea ya sehemu za juu za Mlima Kenya, nami nimekwama kwenye jozi moja ya Dendrosenecio, yaani mimea mikubwa ya milimani ya jamii ya alizeti. Dendrosenecio keniodendron husimama kama mti mnene wenye matawi machache, ilhali ndugu yake, Dendrosenecio keniensis, hulaza shina ardhini hata yakaonekana majani tu. Kutofautisha kwa kimo hakunitoshi, kwa kuwa mche wa ule wa kwanza nao ni mfupi. Nianzie wapi?

Mzee wa Mbegu: Anzia kwenye machipukizi, ndugu yangu. Mwaka 1904 Christen Raunkiær, mtaalamu wa mimea wa Denmark, alipendekeza mimea ipangwe kwa kuangalia mahali yanapokaa machipukizi yanayovuka majira magumu: juu hewani, karibu na ardhi, usawa wa udongo au chini yake. Keniodendron huinua chipukizi lake la kileleni mbali na ardhi. Keniensis hulibakiza chini.

Binti Nyika: Nakubali, ila mpango huo uliyalenga zaidi maeneo yenye majira ya baridi, na katika mlima huu baridi kali huja usiku wowote wa mwaka. Kwa hiyo eleza pia namna chipukizi linavyolindwa, yaani majani machanga yanavyolifunika usiku, na majani makavu yanavyobaki shinani kulikinga shina na jalidi. Kisha eleza matawi, ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo: keniodendron inapotoa maua, chipukizi la kileleni huishia kwenye shada la maua hayo, na ukuaji huendelezwa na machipukizi ya pembeni yaliyo chini yake, ndiyo maana kila panda ya shina ni alama ya kuchanua kulikopita. Ukitaka kulinganisha, tazama Lobelia telekii, mmea mwingine mkubwa wa mlima huu, ambao kwa kawaida haina matawi na hufa baada ya kuchanua mara moja.

Mchora Mimea: Ahsanteni sana. Je, mche usio na panda nitautambuaje?

Mzee wa Mbegu: Uangalie shina lake: likiwa limeanza kusimama wima, si keniensis. Usiung'oe, fukua majani makavu taratibu, uchore, kisha uyarudishe yalipokuwa.