Wakuu naombeni ushauri: mil 9 niweke kwenye skana na waifai ya stoo au niongeze mzigo? (Kigoma)

Kijana wa Kibirizi (mwenye uzi)
Habarini wakuu, poleni na majukumu. Niko Kigoma, nina duka la jumla Mwanga na stoo nyingine Kibirizi kule maboti yanapopakia, hiyo ya Kibirizi anaikalia shemeji yangu. Nauza sabuni, biskuti, juisi, sukari, mafuta ya kula, na mawese nayanunua hukuhuku. Mzigo unatoka Dar kwa lori au treni, mwingine unaishia hapa mjini mwingine unavuka ziwa kwenda Kalemie na Bujumbura.

Shida ni hesabu. Mwezi uliopita katoni 31 za sabuni hazikuonekana, daftari linasema zipo macho yanasema hazipo 😅 Sasa kuna jamaa wa Dar kanitumia profoma ya mil 9 na ushee, skana 6 zisizo na waya, waifai stoo zote mbili, printa ya lebo na zile tagi za RFID (vibandiko vinavyosomwa kwa redio), anasema nikishafunga hivyo wizi nitausikia kwa jirani. Hiyo hela ndo nilikuwa nataka kuongezea mzigo wa sikukuu. Niingie au napigwa?

Mzee wa Katonga
Unapigwa. Wengine wataeleza kwa urefu.

Fundi Waya
Mkuu mimi nafunga hivi vitu, niko Tabora, ngoja niseme ukweli hata kama nawaharibia wenzangu biashara. Skana ni kibodi tu, unaichomeka kwenye kompyuta inaandika namba haraka kuliko kidole basi. Tangu 1974 walipoiskani ile jojo ya Wrigley's kwenye supamaketi huko Ohio Marekani mpaka leo kazi ya ile mistari ya bakodi ni kubeba namba, bei haimo, tarehe ya kuisha haimo, idadi iliyobaki haimo, vyote hivyo vinakaa kwenye programu yako, sasa kama programu huna au unayo ila anaeingiza mzigo anaingiza anavyojisikia utakuwa umenunua tochi nyekundu za milioni 9.

RFID futa kabisa. Redio zake hazipatani na maji wala chuma na wewe umesema unauza juisi, sasa utasoma nini hapo?

Waifai nayo wengi wanachanganya. Waifai ya ndani ya stoo haihitaji bando, skana inaongea na kompyuta yako hapohapo hata intaneti ikikata. Ila stoo zetu ni bati juu bati pembeni na magunia ya sukari mpaka kwenye kenchi, mawimbi yanafia humo. Kabla hujalipa mtu hata mia chukua ruta yoyote iwashe pale kaunta, shika simu, tembea mpaka kona ya mwisho nyuma ya mzigo, STOO IKIWA IMEJAA siyo ikiwa tupu. Kwenye ruta tumia masafa ya 2.4 GHz, yanafika mbali kuliko ya 5 GHz. Kama inakata, wala usihangaike, zipo skana zenye memori unaskani huko mbali zinatunza, ukirudi kaunta zinamwaga kwenye kompyuta. Kibirizi kunakufaa hiyo.

Dada Asali
Nakazia kwa Fundi. Mimi nafungasha asali hapa Tabora, nilichukua namba zangu GS1 Tanzania, wale wanaotoa namba za bakodi, zile zinazoanza na 620 maana supamaketi walizikataa chupa zisizo na bakodi. Nikanunua printa ya bei chee isiyotumia riboni (ule utepe wa wino) nikabandika lebo chupa 400, zikakaa kwenye banda la maonyesho juani siku 3, zikafifia zote skana haioni kitu 😭 Hizo za bila riboni ni za risiti na vitu vya kukaa ndani. Kama lebo yako itakutana na jua na joto la boti tafuta ya riboni.

Ila wewe kaka huna haja ya kununua namba, mzigo wa kiwandani unakuja na bakodi zake.

Kijana wa Kibirizi
Asanteni. Sasa mawese je? Yapo kwenye madumu ya lita 20 hayana bakodi yoyote, na dumu la mawese mnalijua lilivyo, hata stika ya kampeni haikai.

Mama Stoo
Usibandike dumu mwanangu. Sisi vitu visivyo na bakodi tumeprinti karatasi moja, dumu la mawese, gunia la dagaa, gunia la chumvi, kila kimoja na mistari yake, tukaipiga laminesheni tukaitundika ukutani pale kaunta. Likitoka dumu unaskani karatasi unaandika idadi. Namba hizo unajitungia, zianzishe na 2 maana hizo zimeachwa kwa matumizi ya ndani ya duka hazitagongana na za kiwandani.

Lingine kubwa kuliko yote, KATONI NA PISI. Bakodi ya katoni na ya pisi ya ndani mara nyingi siyo moja. Kijana wetu alikuwa akiuza katoni nzima anatoa pisi moja anaiskani, kompyuta inapunguza 1 wakati zimetoka 24. Tulishikana uchawi wiki 2 😂

Mzee wa Katonga
Nirudi sasa niseme kitu cha maana. Kijana, nimefanya jumla toka enzi za meli ya Liemba kubeba abiria kila wiki. Mzigo haupoteagi stoo, unapotea mlangoni. Lori likifika usiku dereva anaharaka makuli wanaharaka wewe umelala, anasaini nani? Skana haina macho ya kumuona kuli. Weka mtu mmoja mlangoni na kalamu, anahesabu kinachoshuka na kinachopanda, wiki moja tu, kwa karatasi. Halafu ndo uje utuambie habari za waifai.

Fundi Waya
@Mzee wa Katonga 👏 na akishamaliza hiyo wiki achukue skana 2 tu za waya kwa kuanzia ziwe 2D, hizo zinasoma na QR na bakodi kwenye kioo cha simu. Na asichanganye na EFD, ile inampa risiti ya TRA haimhesabii stoo.

Kijana wa Kibirizi
Wakuu mrejesho. Nimefanya kama mzee alivyosema, siku 8 mlangoni kwa karatasi stoo zote mbili. Kumbe ile sabuni inakuja saizi 2 jina moja rangi ya katoni moja, karani anaandika "sabuni" basi, katoni 19 kati ya zile 31 zilikuwa zimeingizwa kwenye ile saizi ndogo. Nimeangalia bakodi zake ni tofauti kabisa kwahiyo hapo skana ingenisaidia siku ya kwanza, siwezi kubisha. Nimemwambia jamaa wa Dar afute RFID, afute waifai ya Kibirizi, nachukua 2 za waya na moja ya memori, programu na printa ya riboni, imeshuka mpaka mil 2 na laki 3, inayobaki inaenda kwenye mzigo.

Mama Stoo
Hapo sawa. Muulize na riboni za akiba, huku hutazipata.

Mzee wa Katonga
19 umezipata. Na zile 12?

Kijana wa Kibirizi
Hizo 12 mzee wangu zilikuwa Kibirizi. Tumeshakaa kikao cha familia, tuishie hapo tu.