Sola ya chini, paneli 6: nguzo za miti, engo au bomba la GI?

Mtu_wa_Ihumwa
Wakuu, habari za majukumu. Nina paneli 6 za wati 550 na inveta ya kilowati 5. Kenchi za nyumba zimechoka, sitaki kuzibebesha mzigo mwingine, kwa hiyo naziweka chini, nyuma ya nyumba, mita 30 kutoka kwenye inveta. Kuchimba na kufunga nitafanya mwenyewe, fundi namwita kwenye umeme tu. Niko Dodoma. Nimebaki na njia tatu: nguzo za mkaratusi na mbao, fremu ya engo (chuma chenye umbo la L) ya kuchomelea, au bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki kuzuia kutu) la inchi mbili. Mbao ndiyo nafuu. Aliyewahi kujenga anieleze kilichomkuta.

BabaNeema
Mkuu, mimi nilianza na nguzo. Nilizipaka oili chafu, nikazifukia futi mbili na nusu. Msimu wa pili wa mvua nikaona safu imelala upande mmoja. Nikafukua. Juu nguzo ilikuwa nzima, ukiigonga inalia vizuri, lakini chini ya udongo lilibaki ganda tu, ndani kumejaa udongo wa mchwa. Ukiliminya kwa vidole linapukutika. Paneli moja ina kilo 28 hivi. Tulizishusha zote siku hiyohiyo, mimi na mke wangu, hadi giza likaingia. Kwa udongo wetu wa Dodoma, mti usiguse ardhi kabisa. Ukikosa namna, simika kipande cha bomba kwenye zege, mbao ianzie juu yake.

DadaMchomeleaji
Engo ni nzuri ukipata fundi makini, maana unapata umbo lolote unalotaka. Adui yake ni kutu, na huanzia pale palipochomelewa. Sugua hadi chuma king'ae, paka redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) mara mbili, ndipo rangi ifuate.

GI usiichomelee, kaka. Moto unaunguza zinki, yaani ile kinga uliyoilipia, na ule moshi mweupe ni sumu. Usiku utalala na homa na kifua kimebana. Ifunge kwa klampu na bolti. Ndiyo maana kwa anayejenga mwenyewe naipendekeza GI: huhitaji mashine, na ukikosea unalegeza nati unarekebisha.

PwaniTanga
Kwa sisi wa karibu na bahari engo haidumu hata ukiipaka rangi. Tena fremu ya paneli ni aluminiamu. Ikikaa juu ya chuma kitupu penye unyevu wa chumvi inaliwa. Tumia bolti za chuma cha pua na weka mpira katikati.

Upepo_Singida
Mnajadili miguu na upepo hamjaugusa. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukipiga uso kwa uso unasukuma karibu kilo 48 kwa kila mita ya mraba. Paneli zako 6 zina kama mita za mraba 15 na nusu, piga hesabu: zaidi ya kilo 700. Zikilala kidogo msukumo unapungua, ila upepo unaingia chini na kuzinyanyua. Shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 80, linabeba zege la kilo 300 hivi. Weka miguu sita, chini ya shimo pachimbwe papana kuliko juu.

Zielekeze kaskazini, ziinamie huko nyuzi 10 hadi 15, mvua ipate kuosha vumbi. Ukingo wa chini uwe mita moja kutoka ardhini. Mbuzi wanapanda!

Waya_Nene
Hizo mita 30 zisikutishe. Unga paneli zote 6 mfululizo, chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata: utapata volti 250 hivi kwa ampea 13, na waya wa milimita za mraba 6 utapoteza asilimia moja tu. Ukizipanga mbili mbili kwa makundi matatu yaliyoungwa sambamba, ampea zinafika 39, na waya uleule unapoteza zaidi ya asilimia 8. Hakikisha tu inveta yako inapokea volti 300, maana asubuhi kabla haijabeba mzigo zinafika huko. Na usichomoe plagi jua likiwaka na mzigo upo: cheche ya DC (umeme wa moja kwa moja unaotoka kwenye paneli) haikatiki upesi, inaunguza mkono. Weka swichi ya DC karibu na paneli.

Halafu, kuna mti jirani?

Mtu_wa_Ihumwa
Nashukuruni sana. Mbao nimeiacha, naenda na GI, miguu sita. Inveta inapokea hadi volti 500, nimesoma kibandiko chake. Mti upo, mwembe, upande wa kaskazini magharibi. Leo saa kumi jioni kivuli kimeishia hatua mbili kabla ya kamba niliyotandika kuonyesha paneli zitakapokaa.

Waya_Nene
Leo jua liko kusini, mkuu. Juni litakuwa kaskazini, kivuli kitasogea upande wako na kurefuka. Paneli zikiwa mfululizo, kivuli kwenye mbili tatu kinakula umeme mwingi. Sogea.

Mtu_wa_Ihumwa
Nimehamisha kamba mita nane kuelekea kusini. Waya utafika mita 36. Kesho alfajiri naanza shimo la kwanza.